Mashine Yetu na Ahadi Wanayokudai

Mwanangu Nakundwa,

Sasa hivi umelitoa sweta kwenye begi kwa mara ya pili. Umelikunja vizuri, ukaliweka kitandani kwangu, ukaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa, ukasema, "Mama, Ndungu watu wanalala nje kwa joto." Halafu umetoka kwenda kumuaga bibi yako, na mimi nimebaki na sweta mapajani. Basi, umeshinda. Sitalirudisha.

Nimeona niandike kabla giza halijaingia. Mambo ya kufua, kusali, kuamkia wakubwa na kujihadhari na wavulana umeshayasikia mpaka umeyachoka, humu hutayakuta. Ninaandika kwa sababu kuna jibu natakiwa kulitoa jioni hii, na kabla sijawajibu watu nataka nizungumze na wewe. Kwa mdomo sitaweza. Ukinitazama tu nitaanza kulia, halafu utaanza na wewe, na kazi itakuwa ni hiyo.

Jambo lenyewe ni hili. Kina mama wa kikundi wanakutana mashineni wakishamaliza kukamua. Mama Elinihaki, mwenyekiti wetu, anataka kesho, kabla hujapanda lori la tangawizi, usimame mbele yao ushike gurudumu la mashine na kuahidi. Uahidi kwamba ukishajifunza ufundi kwa Mzee Shabani huko Ndungu utarudi Myamba, hutachukua kazi huko chini, hutaolewa huko chini, utaitunza mashine yetu. Bila hiyo ahadi, wanasema, kikundi hakikulipii. Mimi ndiye niliyetumwa kuleta jibu lako, na wewe sijakuuliza. Nimeshindwa hata kulitamka. Tangu alfajiri nilikuwa zamu ya kusaga, unga uko mpaka kwenye kope, miguu inawaka, na bado natakiwa kufikiri.

Nianzie nyuma kidogo, uone tulivyofika hapa.

Nilipokuwa na umri wako kulikuwa na mashine ya chama cha ushirika pale chini ya soko. Miaka ile sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, kitenge ukikipata unakificha. Lakini mahindi tulisaga. Halafu ushirika ukaanza kuugua. Walichukua kahawa wakawaambia wazee wasubiri malipo, wazee wakasubiri mpaka wengine wakang'oa mibuni. Kisha tukatangaziwa kwamba sasa biashara ni huru, kila mtu auze atakavyo na kwa amtakaye. Maduka yakajaa, mitumba ikaja kwa marobota, na zahanati nayo ikaanza kutuambia tuchangie. Kila kitu kilikuwepo, ila sisi ndio hatukuwa na kitu mkononi. Mashine ya ushirika ikala kutu. Siku moja tukaona watu wasiojulikana wanaipakia kwenye gari kama chuma chakavu. Hakuna aliyewauliza. Ilikuwa ya wote, kwa hiyo kila mmoja alidhani mwenyewe ni mwenzake.

Tukarudi kwenye kinu, au tukateremka na mahindi kichwani hadi Ndungu kwenye mashine ya Mzee Shabani. Wewe nilikuwa nakufunga mgongoni. Kuteremka ulikuwa unalala, kupanda unaamka na kunivuta nywele. Baba yako alikuwa ameshakwenda huko machimboni, na barua zake zilikuwa zimeshaanza kuwa fupi.

Unajua tulivyoipata ile injini, maana siku hiyo ulikuwepo, umeshika jiwe la kuzuia gurudumu lisibingirike kila tulipopumzika. Tuliuza tangawizi misimu miwili tukamwendea Mzee Shabani, atuuzie ile injini yake ya zamani iliyokuwa nyuma ya ghala. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema, "Wanawake wa milimani, mtaipandishaje? Barabara imekatwa na mvua, na hilo dude si mbuzi wa kufuata kamba." Mama Elinihaki akamjibu kwamba mume wake ni mzito kuliko hiyo injini na kila sikukuu anambeba kutoka kilabuni. Mzee Shabani akatuuzia, na sehemu ya bei akakubali kungoja.

Tukaifungua vipande vipande na kuipandisha kwa miti, kama watu wanaobeba mgonjwa. Tuliipandisha kwa msaragambo. Pembe ililia kama inavyolia tangu wakati wa babu zetu wanapotaka kuchimba mfereji au kuzibua bwawa la maji ya shamba, na kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu. Sheria ya msaragambo unaijua. Asiyetokea, watu wanakwenda kwake wanachukua kitu, kuku au jembe au chungu, wanakaa nacho mpaka alipe faini. Hakuna anayeona ubaya. Ndivyo mifereji ya milima hii ilivyochimbwa.

Sasa sikiliza kosa letu, kwa sababu ndilo lile lile wanalotaka kulirudia kwako.

Mama Yona, yule mjane wa ng'ambo ya mto, hakutokea siku ya injini. Kesho yake tukamfuata, mimi na wengine watatu, na wewe nyuma yetu. Tukamkuta amefunga mguu kwa kitambaa, umevimba. Ningeweza kusema, jamani, turudi. Sikusema. Nilikuwa mgeni kwenye kikundi, nilitaka nionekane mkali kama wenzangu. Nikachukua sufuria yake kubwa, ile ya kupikia makande, nikakupa wewe uibebe. Ulibeba kichwani, na njiani ukaniuliza, "Mama, atapikia nini?" Nikakuambia sheria ni sheria. Ulikuwa na miaka kama saba hivi, na hukuniuliza tena.

Tuliiweka ile sufuria juu ya rafu ndani ya banda la mashine, kila mtu aione. Na tukaweka sheria kwamba ambaye hakubeba injini hasagi mpaka alipe faini. Tulijiona tumefanya la haki kabisa. Basi mashine ikawaka, moshi ukatoka, watu wakashangilia, na baada ya wiki chache ng'ambo yote ya mto haikuonekana. Walisimama upande wa Mama Yona. Walikuwa wanapita mbele ya banda letu na madebe yao wakiteremka Ndungu, na wanatusalimia vizuri kabisa. Hiyo salamu ndiyo iliyokuwa inauma.

Tulichelewa kuelewa. Mfereji ukishachimbwa, maji yanatembea yenyewe, yule aliyelazimishwa na yule aliyependa wote shamba linalowa. Lakini mashine inataka dizeli kila asubuhi, na dizeli inataka mtu aje mwenyewe na debe lake, kwa hiari yake. Huwezi kumpigia pembe.

Tukaona aibu. Tukairudisha sufuria, Mama Elinihaki mwenyewe aliipeleka, imesuguliwa inang'aa. Na kwa kuwa aibu haina kipimo, tukaangukia upande wa pili. Tukasema mwenye shida asage bure. Mwenye msiba bure, aliyejifungua bure, mjane bure. Hayo nilishangilia mimi kuliko wote, nikaona sasa tumekuwa watu wa Mungu. Mwanangu, msimu ule wajane waliongezeka Myamba. Wenye waume wazima, wanaokoroma, walikuja kama wajane. Mkanda ukakatika, dizeli ikaisha, na fundi kutoka Same akaja siku aliyotaka, tukamchinjia kuku, akakaza nati moja, akaondoka na mguu wa kuku kwenye karatasi. Keshokutwa yake mashine ikazima tena.

Nikajikuta nateremka na debe kichwani kama zamani, na niliyekuwa naye njiani ni Mama Yona. Tulipumzika kwenye ile kona inayoonyesha mashamba ya mpunga yote mpaka Kihurio. Nilikuwa natafuta namna ya kumwomba msamaha wa sufuria. Akanikatiza. Akasema mguu ulipona, sufuria ilirudi, hayo yamekwisha. Halafu akasema, "Lakini hiyo bure yenu nayo sikuitaka. Mlinyang'anya, kisha mkanihurumia. Mimi nilitaka nisage nilipe, nitoke na unga wangu kama watu."

Nikamwambia, "Lakini hela hukuwa nayo." Akasema, "Hela sina, mikono ninayo. Mmewahi kuniuliza?"

Unakumbuka lile pipa la maji ya kupozea injini, tulivyokuwa tunagombania nani akachote? Mama Yona ndiye aliyelichukua. Anajaza pipa, anasaga. Wengine wakaleta mahindi kidogo badala ya hela, wengine kuni za kuuza. Bei ikawa moja kwa kila mtu, mwenyekiti na mjane sawa, na kila mtu analipa kwa anachoweza. Hakuna bure, hakuna kunyang'anywa. Ng'ambo ya mto ikarudi, si siku moja, taratibu. Na mwisho wa msimu ule ndipo kwa mara ya kwanza kilibaki kitu.

Kilipobaki, tukagombana vibaya kuliko wakati hakikuwepo. Wengine tulitaka kanga za sare. Ndiyo, na mimi nilikuwemo, nilishachagua na rangi. Mama Elinihaki akasema kanga hazikazi nati, tununue mkanda wa akiba. Nilinuna siku nyingi. Mkanda ule ndio unaozunguka mpaka leo.

Halafu akaja yule bwana maendeleo kutoka wilayani, kijana mwenye adabu, na daftari lake. Akatuuliza, "Kina mama, ninyi ni wafanyabiashara au ni kikundi cha kusaidiana? Nahitaji kujua niwaandike upande gani." Mama Elinihaki akamuuliza, "Wewe mwanangu, nyumbani kwako ni mume au ni baba?" Akasema vyote viwili. "Basi na sisi." Tulicheka, naye akacheka, lakini kisha akafunga daftari akasema jibu hilo ni tamu ila ofisini halina mahali pa kuandikwa, na watu wa kodi hawatacheka. Alisema kweli. Mpaka leo hatuna mahali pa kuandikwa.

Mimi niliendelea kujiuliza peke yangu nikiwa zamu, maana kusaga kunakupa nafasi ya kufikiri, hakuna anayeweza kukusemesha kwa kelele. Kwa elimu yangu ya darasa la saba naona hivi. Mzee Shabani ni mfanyabiashara, na ukienda kwake usije ukamdharau kwa hilo. Ana moyo mzuri kuliko wengi wetu. Alitungoja kwa deni la injini na hakuchukua sufuria ya mtu. Vibarua wangapi waliotoka mikoa ya mbali kukata mkonge, mkonge ukaanguka, wanakula kwake mpaka leo. Kwa hiyo si kwamba sisi ni wema na yeye anatafuta hela. Hela tunatafuta wote, na sisi tukiacha kuitafuta tutazima. Tofauti ni kwamba mashine yake ni yake. Siku akifumba macho wanawe wakitaka wataiuza, na hakuna wa kuwauliza. Yetu mimi siwezi kuiuza, Mama Elinihaki hawezi, na kinachobaki baada ya dizeli hakiendi mfukoni kwa mtu, kinarudi kwa wale wale waliokuja na madebe. Tena si ya wote kama ile ya ushirika, isiyo na wa kuiulizia. Sisi kila Jumamosi tunaulizana, tena kwa ukali. Sijui jina la kitu cha namna hiyo. Labda wewe utalisikia huko, uniandikie.

Na safari hii kilichobaki, wakasema wote, tusomeshe fundi wetu. Wakakutaja wewe. Hukuchaguliwa kwenda sekondari, ulikaa na kulia nyuma ya zizi ukidhani sikuoni, halafu ukaanza kuja mashineni kila siku, huogopi grisi wala kelele. Siku wanakutaja nilitoka nje ya banda nikajifanya natafuta ndoo.

Sasa wanataka uahidi. Wana sababu, sitawasengenya. Wanaona wasichana wanateremka na hawapandi tena. Wanaona huko chini kuna mashine nyingi za mpunga, kuna mshahara, kuna vijana wa baiskeli. Mama Elinihaki aliniambia jana, "Mama Nakundwa, tukimpeleka akabaki huko, tumemsomeshea Shabani fundi." Inawezekana kabisa ikawa hivyo.

Lakini kuna kitu sijawahi kukuambia. Nilipomaliza darasa la saba, shangazi yangu wa Kihurio alinichukua nikajifunze cherehani kwake. Mama yangu, huyo bibi yako uliyekwenda kumuaga, aliniahidisha kwamba mvua za masika zikianza nitarudi kumsaidia na wadogo zangu. Nikaahidi. Mvua zikaanza nikarudi, nikiwa ndiyo kwanza nimeweza kushona kola. Sikulazimishwa na mtu, nilipanda kwa miguu yangu. Nikakutana na baba yako, ukaja wewe, na sijutii, usije ukalisoma hivyo. Ila mpaka leo sijui kama ningerudi mwenyewe. Siku mlima unaponichosha, kama leo, nasema niko hapa kwa sababu niliahidi. Siku ninapofurahi nasema niko hapa kwa kupenda. Sijui lipi ni la kweli, na sitalijua tena. Mtu aliyefungwa na ahadi hata akirudi kwa mapenzi yake, mapenzi hayo hawezi kuyaona.

Sitaki ukae Myamba na swali hilo. Na kwa mashine pia sitaki. Ukirudi kwa kuwa ulishika gurudumu, utaikaza nati kama yule wa Same. Tulishaona mashine inayoendeshwa kwa kumshikia mtu kitu chake, tukaona na ilivyozima.

Kwa hiyo utakwenda bila kuahidi. Nimeshalikata shauri hilo wakati naandika, sikuwa nalo nilipoanza. Wakisema basi kikundi hakilipi, tangawizi yangu iliyo shambani italipa. Ilikuwa ya kununulia bati, lakini nyumba imevumilia nyasi miaka yote, itavumilia tena. Nitawaambia pia kwamba tukipeleka mmoja tu na kumshikilia, tuna mtu, hatuna fundi. Tupeleke wewe, na mwakani mwingine, yeyote atakayependa, hata kama ni kutoka ng'ambo ya mto. Atakayerudi atatukuta. Asiyerudi atakuwa anatengeneza mashine ya mtu mwingine, na huko pia kuna mama ana debe kichwani. Mama Elinihaki atakasirika. Ataniita mtoto, na kwa umri wangu kwake kweli ni mtoto. Ila akishakasirika huwa anafikiri.

Huko usijitie unyonge kwa sababu ni msichana katikati ya mafundi. Ukikosea useme umekosea siku hiyo hiyo, usingoje uone aibu kama mimi, maana nilipokuja kuiona nilikuwa nimeshachelewa na Mama Yona alikuwa ameshapikia kwenye kopo. Na ukipenda kazi ya huko, ukampata mtu, ukaona maisha yako ni ya huko, uniandikie tu kwa maneno ya kawaida. Nitalia, ndiyo. Halafu nitawasha mashine.

Wanapita njiani kwenda mashineni, naona tochi. Mama Elinihaki ananiita kutoka uani, anauliza kama jibu liko tayari au atalipata kesho kwenye lori. Namwambia aningoje nafunga barua. Haya, mwanangu. Natoka kwenda kuwaambia. Wewe siku ukija, iwe ya kukaa au ya kusalimia tu, usije na maelezo, ingia moja kwa moja bandani, mimi nitakuwa zamu, na unga mpaka kwenye kope.